Gitaa Lililopotea Redioni

Nimekaa miaka thelathini na minane nyuma ya meza ya kurekodia hapa Moshi, na mwezi uliopita niliondoka kwa hiari yangu kabla masikio hayajanifukuza. Neema, ambaye sasa ndiye anayekalia kiti changu, aliniomba niandike mambo ya kazi kwa ajili yake na wenzake wanaoingia. Nilimwambia nitaandika, ila asitegemee nasaha za maisha. Nitaandika habari za nyaya, mvua, kwaya, na bendi moja iliyovunjika kwa kosa langu, kisha ikarudi kurekodi wenyewe wakiwa na mvi. Kosa hilo nililijua peke yangu kwa miaka thelathini na mitano, na muda wote huo nimekuwa fundi mzuri.

Studio yetu ilikuwa ghala la kahawa kabla haijawa studio. Kuta nene, madirisha madogo, paa la bati. Baba yangu alikuwa na kibanda cha kutengeneza redio karibu na soko, kwa hiyo nilijua kuunga nyaya kwa solda kabla sijajua kusuka nywele. Siku ya kwanza nilifika na vyeti kwenye bahasha, nimevaa gauni la kanisani. Fundi Bakari, mwenyeji wa Tanga aliyekuja Moshi kwa mwaka mmoja akakaa ishirini, hakuifungua bahasha. Alinipa waya wa maikrofoni uliokatika.

"Tengeneza, halafu unieleze ulichofanya," akasema.

Nilitengeneza kwa dakika tano, nikaeleza kwa nusu saa. Akaupima waya, ukawa mzima. Akasema mikono imefuzu, mdomo bado. Nikaanza kazi mchana huo huo, na lile gauni halikurudi kanisani tena kwa sababu ya tundu la solda pajani.

Alinifundisha kukunja waya bila kuuumiza. Alinifundisha kumrudisha mwimbaji mwenye sauti kubwa hatua mbili nyuma bila kumwambia kwamba ana sauti kubwa. Unamwambia hapo ndipo anaposikika vizuri, naye anafurahi. Alinifundisha kuutazama mlima asubuhi. Wingu likishuka chini ya msitu kabla ya saa nne, msianze wimbo mrefu, maana mvua ya masika ikigonga bati, maikrofoni zote zinaisikiliza yenyewe. Nyinyi mna dari nene siku hizi na mnadhani haya yamepitwa na wakati. Subirini umeme ukatike, jenereta la jirani liwake, mtanikumbuka.

Amri zake zilikuwa nyingi, lakini mbili hakuzifanyia utani. Ya kwanza: kanda haitoki studio mpaka isikilizwe kwenye spika moja ndogo iliyokuwa pembeni ya meza, yenye ukubwa wa kisahani cha sabuni. "Mteja atasikiliza kwenye hizi kubwa mara moja tu," alikuwa akisema. "Watu wengine wote watasikiliza kwenye hii." Ya pili: kosa la fundi linasemwa siku ile ile. Likilala, linazaa.

Nilizivunja zote mbili kwa bendi moja.

Mwaka wangu wa tatu kazini ndipo walipokuja Mfereji Bendi. Walikuwa vijana wanne. Kiongozi na mwimbaji alikuwa Simoni, mchomeleaji wa kiwanda cha sukari kule tambarare. Kwao ni Tukuyu, kwa Wanyakyusa, alikuja huku kutafuta kazi kama wengi wa kambi za wafanyakazi wa kiwanda. Mika wa besi na Rajabu wa dramu walikuwa kiwandani pamoja naye. Mpiga solo, Elisante, alikuwa mtoto wa Marangu, baba yake mkulima wa kahawa na mzee wa kanisa. Jina la bendi lilitokana na mifereji inayoshusha maji kutoka mlimani kwenda mashambani. Elisante alikuwa akisema yeye ndiye maji na hao wengine ni miwa tu. Simoni, aliyemwita Mangi kama Wachagga wengi wanavyoitwa, akimjibu kwamba bila miwa maji yangepita zake bila mtu kuyajua.

Wimbo wao mkubwa uliitwa Nishushie Maji. Simoni anaimba kama mkulima wa chini anayemwomba maji mtu wa juu, na kila akimaliza mstari, gitaa la Elisante linamjibu. Hakuna kiitikio kingine. Anayeomba ni mtu, anayejibu ni gitaa. Tayari walikuwa wakibishana wimbo ni wa nani, wa mwenye maneno au wa mwenye majibu, lakini ulikuwa ubishi wa watu wanaokula sahani moja.

Wiki waliyokuja kurekodi, Fundi Bakari alikuwa kwao Tanga msibani. Nilibaki peke yangu na funguo zote, na sikuogopa hata kidogo. Ningeogopa kidogo, ingesaidia.

Nilitaka gitaa la Elisante lijae chumba. Nikaunda waya wa matawi mawili: maikrofoni moja mbele ya amplifaya yake, tawi moja liende spika ya kushoto, jingine ya kulia. Ndani ya kila tawi mna nyaya mbili nyembamba, nazo lazima zikae kwa mpangilio mmoja pande zote. Kwenye tawi moja nilizigeuza. Ukigeuza hivyo, sauti ya kushoto inasukuma wakati ya kulia inavuta. Kwenye spika mbili zilizoachana huoni kosa; unasikia gitaa limetanda ajabu. Lakini pande hizo mbili zikiunganishwa zitoke kwenye spika moja, msukumo na mvuto vinafutana, gitaa linatoweka. Sauti ya mwimbaji na vyombo vingine, vilivyopita kwenye nyaya zisizo na kasoro, vinabaki salama.

Basi wakapiga, nikawasikilizisha kwenye zile spika kubwa. Simoni alisimama katikati ya chumba akafumba macho. "Dada fundi," akasema, "gitaa linatuzunguka." Elisante alicheka tu peke yake. Nilijisikia mtu.

Ile spika ndogo ilikuwa palepale. Sikuiwasha. Ilikuwa Jumamosi, mdogo wangu alikuwa anapata kipaimara kesho yake Old Moshi, na nyumbani walikuwa wananingoja tukamenye ndizi. Nikaandika juu ya boksi la kanda: imesikilizwa. Kanda ikaenda redioni.

Kilichotokea Marangu wiki mbili baadaye Elisante alinisimulia mwenyewe, lakini nakiweka hapa mahali pake. Baba yake hakupenda muziki wa dansi. Aliamini mwanawe anashinda na walevi na gitaa ni kisingizio. Redio ilipotangaza kwamba itaupiga wimbo wao Jumapili mchana, Elisante alimwomba mzee asikilize mara moja tu, kisha aseme atakalo. Mzee alikubali, na kwa kuwa alikuwa mtu wa haki, akaita na majirani. Wakakaa uani baada ya ibada na vikombe vya chai, redio juu ya kiti. Redio ya spika moja, kama za watu wote.

Simoni akaanza kuomba maji. Hakujibiwa. Mstari wa pili, hakujibiwa. Kwa mbali kabisa palikuwa na kitu kama mtu anayepiga gitaa nyumba ya tatu, basi. Wimbo ukaisha, na mzee akamuuliza mwanawe mbele ya watu: "Wewe uko wapi hapo?"

Kesho yake asubuhi Elisante alikuwa mlangoni kwetu kabla sijafungua. Simoni naye aliitwa, akaja na nguo za kiwandani. Nikaweka nakala ya studio kwenye spika kubwa. Gitaa likajaa chumba.

"Si hilo hapo?" Simoni akasema.

"Hiyo ni ya kunionyesha mimi," Elisante akasema. "Redioni umepeleka nyingine. Umenikata ili wimbo uwe wako."

"Kanda ni moja, Mangi. Naapa. Dada fundi, mwambie."

"Kanda ni moja," nikasema, na ilikuwa kweli.

Elisante alitutazama wote wawili kama watu waliokubaliana njiani. Simoni aliwaka. Alisema mtu anayemwita mwongo mbele ya fundi hawezi kupiga naye tena. Elisante akasema hata yeye hakuja kupiga. Alichukua gitaa lake kwenye kona akapanda nalo mlimani, na baada ya hapo akawa mwongoza watalii. Bendi iliishia pale, mbele ya meza yangu, saa mbili na nusu asubuhi.

Habari ilishuka hadi kambi za sukari na ikapata jina. Simoni akaitwa Mkasi, kwa kuwa amemkata mwenzake. Alipooa, mkewe akawa mke wa Mkasi. Watoto wake walikwenda shule wakiitwa hivyo. Yeye alikuwa anasema kweli tangu dakika ya kwanza, na kila alivyoisema kwa nguvu ndivyo watu walivyozidi kucheka.

Nami nilijua lini? Miezi mitatu baadaye. Fundi Bakari alikuwa anarekodi kwaya, kinanda kikapotea kwenye ile spika ndogo. Alifuata nyaya mpaka akaufikia ule wa matawi mawili. Akaugeuzageuza mkononi.

"Anaeli, huu umeuzaa wewe," akasema. "Umeutumia wapi kwingine?"

Nilielewa yote kwa pigo moja: redio ya Marangu, lile swali la mzee ambalo mji mzima ulikuwa umeshalisikia, na Simoni.

"Sijautumia popote, fundi. Ni leo tu," nikasema.

Akaukata ule waya kwa koleo, akautupa. Hakunigombeza. Nadhani hata leo ningependa angenigombeza.

Sababu zangu zilikuwa hizi. Nilikuwa msichana pekee kwenye kazi ile mji mzima, na nilijua watakavyosema: ndiyo hayo, mwanamke na mitambo. Niliwaza nitasema wakipoa. Hawakupoa. Niliwaza nitasema nikishajijengea jina. Nikajijengea, na sasa lilikuwepo jina la kupoteza. Mwoga hapungukiwi sababu.

Miaka iliyofuata nilifanya kazi nzuri, na sioni haja ya kujinyenyekeza. Nilirekodi tarumbeta ishirini za kanisa kwa maikrofoni mbili, wapigaji nimewatoa nje, wakipuliza kuelekea mlango wazi. Kulikuwa na bibi mmoja wa Kibosho ambaye watafiti wawili walishindwa kumrekodi. Akikaa kwenye kiti nyimbo zinamtoka kichwani. Niligundua alizizoea akikata majani ya ng'ombe. Nikamfuata kihambani, kwenye shamba lake la migomba, maikrofoni nimeifunga kwenye fimbo, akakata majani na kuimba nyimbo kumi na nne bila kusimama. Mundu unasikika kote. Mkiuondoa mundu ule kwa kompyuta zenu nitarudi kazini.

Kanda kubwa zikaisha, zikaja kaseti, zikaisha, ikaja kompyuta. Nilijifunza kompyuta nikiwa na miaka arobaini na mitano, kutoka kwa vijana waliodhani nitaivunja. Ile spika ndogo niliihamisha mimi mwenyewe kila tulipobadilisha meza. Tangu siku ya ule waya sikuwahi tena kutoa kazi bila kuisikiliza humo, na watu walinisifu kwa umakini wangu.

Fundi Bakari alirudi Tanga kupumzika, akafia huko. Nilikwenda kuzika. Nililia kuliko wanawe, wakadhani ni mapenzi. Mapenzi yalikuwepo. Lakini nilikuwa nalia kwa kuwa nilimdanganya mtu aliyenipa mikono yangu, na sasa hapakuwa na wa kumwambia.

Mwaka huu, miezi michache kabla sijaondoka, Neema alikuja na simu mkononi.

"Mama, shikamoo. Hebu nisaidie, hii ngoma ina gitaa au haina? Huku mtandaoni watu wanatukanana toka juzi."

Ilikuwa Nishushie Maji. Mtu mmoja aliikuta kaseti iliyonakiliwa kutoka kanda yetu kwenye sanduku la marehemu mjomba wake akaiweka mtandaoni, na vijana wakaipenda. Wenye hedifoni walikuwa wanalisifu gitaa. Waliosikiliza kwenye spika ya simu walikuwa wanauliza gitaa gani. Wakaitana viziwi na waongo. Nilisoma ule ugomvi nikausikia ule wa Jumatatu ile, neno kwa neno, kwa midomo ya watoto ambao hawakuwa wamezaliwa.

"Mimi nahisi kuna upande umegeuzwa," Neema akasema. "Alirekodi nani hii?"

"Mimi."

Akaizima simu, akaiweka mfukoni.

Haukupita mwezi, Mika akanipigia. Siku hizi ni mwinjilisti, besi anapiga kanisani. Aliona vijana wanavyoupenda wimbo, akaanza kuwazungukia wenzake. Rajabu alikubali siku hiyo hiyo. Simoni na Elisante aliwaendea mara nne nne.

"Wamekubali, dada Anaeli," akasema. "Warekodi ule na mingine mitatu waliyokuwa wameiacha. Ila wote wawili wana sharti moja: ya zamani yasitajwe. Yakitajwa tu, kila mtu kwake."

Sikulala vizuri wiki ile. Nikikaa kimya, wazee wanne watapiga tena, nami nitastaafu kwa heshima. Nikisema, huenda nikaivunja bendi ile ile mara ya pili. Lakini kichwani nilimwona Elisante akipiga gitaa karibu na mtu anayeamini alimwibia, na Simoni akiimba mbele ya mtu aliyesababisha aitwe Mkasi, wote wakitabasamu, na mimi nikiwapangia maikrofoni. Nikasema hapana. Hiyo kazi siifanyi.

Kwetu Uchagga, ukimkosea mtu kosa zito unamwendea na jani la isale, na aliyeletewa hakatai kusamehe. Nilichuma kwenye ua wa nyumbani, nikapanda Marangu. Elisante nilimkuta akiondoa majani makavu kwenye migomba. Aliliona jani kabla hajanisalimu, akaweka panga chini.

"Dada fundi. Umekuja na hilo kwangu? Umenifanya nini?"

Nikamweleza pale pale tumesimama. Nyaya mbili, tawi moja, spika moja. Kipaimara cha mdogo wangu. Boksi nililoandika imesikilizwa. Na kwamba nilijua baada ya miezi mitatu. Hilo la mwisho ndilo lililokuwa gumu kutoka.

Alikaa kwenye gogo. Ndipo aliponisimulia ile Jumapili, majirani, chai, swali la baba yake.

"Alikufa anajua nilimdanganya," akasema. "Sikumpigia tena gitaa, naye hakuniomba. Niliumia sana, dada. Sikuumia kidogo."

"Najua."

"Hujui. Lakini lete." Akalipokea jani. "Nimepokea. Nisipokee nifanyeje, na ndiyo maana umekuja nalo. Hasira itaondoka yenyewe ikitaka." Akaokota panga lake. "Simoni umemwambia?"

"Bado."

"Basi umefanya nusu. Na mimi yangu sijaianza. Mtu aliniapia, nikamwita mwizi."

Siku ya kurekodi walikuja wote wanne saa tatu asubuhi. Rajabu na goti bovu, Mika na Biblia, Elisante na gitaa, Simoni na koti la suti kana kwamba anaenda benki. Walipeana mikono kwa uangalifu. Sikuwaruhusu hata kufungua mifuko. Niliwakalisha mbele ya meza nikawapigia ule wimbo wa zamani, kwanza kwenye spika mbili. Gitaa likazunguka chumba. Halafu nikabonyeza kitufe kinachounganisha pande zote, nikautoa kwenye ile spika ndogo. Simoni wa miaka ishirini na sita akaomba maji, na hakuna aliyemjibu.

"Ni mimi," nikasema. "Kanda ilikuwa moja, kama Simoni alivyoapa. Na Elisante naye redioni hakulisikia gitaa, kama alivyosema. Wote mlisema kweli. Niligeuza waya, nikagundua baada ya miezi mitatu, nikanyamaza." Nikatoa jani la pili kwenye mkoba, nikamnyooshea Simoni.

Alilitazama bila kulishika. "Mimi ni Mnyakyusa, mama. Jani lako halinifungi."

"Najua. Sina kingine."

"Miaka yote hii." Sauti yake haikupanda. "Binti yangu alirudi siku moja kutoka shule ananiuliza, baba, ulimkata nani? Nikamwambia sikumkata mtu. Akanitazama hivi, kama unavyomtazama mlevi. Mtoto wangu wa kuzaa."

Akainuka, akatoka nje. Mika akafungua mdomo, Rajabu akamkanyaga mguu. Elisante aliweka gitaa chini akamfuata. Dirisha la studio linatazama uani na kioo chake ni kizito, kwa hiyo niliona tu. Simoni amekaa kwenye ngazi za ghala. Elisante amesimama, kisha amekaa chini yake, ngazi moja. Aliongea muda mrefu. Simoni alitikisa kichwa mara nyingi. Mwishoni Elisante alivua kofia akaishika kwa mikono miwili, na Simoni akamvika tena, kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika.

Waliporudi, Simoni alikuja moja kwa moja kwangu.

"Nyinyi huku mna majani," akasema. "Mimi nataka karatasi. Uandike, kwa jina lako na jina langu. Si ya kunipa mimi, mimi najua. Iwe ya watu. Walionicheka wengine bado wapo, na waliokufa wana watoto."

"Nitaandika."

"Lini?"

"Nikitoka kazini. Mwezi ujao."

"Usiandike kwa kupamba. Nyie mafundi mnapamba."

Halafu akavua koti, akauliza asimame wapi. Nikamwambia hatua mbili nyuma, hapo ndipo anaposikika vizuri.

Tulirekodi siku tatu. Wimbo tuliushusha chini kidogo kwa sababu sauti ya Simoni siku hizi inaishi chini. Vidole vya Elisante vimekuwa vizito kwa kushika fimbo ya mlimani, na majibu yake sasa ni mafupi, lakini yanafika. Rajabu alipumzisha goti kila baada ya wimbo. Mara ya kwanza walipomaliza Nishushie Maji bila kusimama, mimi sikuwasumbua kwa kusema niko tayari kwa mara ya pili. Haikuhitajika ya pili. Ile ya zamani nayo tumeirekebisha, na nisikilizeni vizuri hapa nyinyi mafundi: dawa ilikuwa kuutumia upande wa kushoto peke yake. Humo mna kila kitu, sauti na gitaa, bila kufutana. Kuchomoa waya mmoja, dakika moja ya kazi, siku yoyote katika miaka thelathini na mitano.

Neema, ukishasoma, usiifungie hii kwenye kabati la studio. Toa nakala, ubandike mlangoni, upeleke na kule kambi za sukari, kwa mtu yeyote mzima atakayekuambia anakumbuka ile bendi. Sijapamba.

Mimi Anaeli, fundi mitambo, niliharibu wimbo wa Mfereji Bendi kwa mkono wangu na nikanyamaza nikijua. Elisante wa Marangu alipiga gitaa kwenye wimbo ule tangu mwanzo hadi mwisho, na baba yake hakudanganywa. Kiongozi wao hakumkata mtu yeyote. Mtakapomkuta njiani, msimwite lile jina jingine. Anaitwa Simoni.